Ndege ya Plastiki na Thamani ya Kosa

Wako watu wengi, na miongoni mwao wamo walimu wa sayansi, wanaouona utengenezaji wa mifano ya ndege kuwa ni mchezo wa watoto wa matajiri. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli. Mifano inayouzwa madukani, ikiwa ndani ya masanduku yenye picha za kupendeza, ni ghali. Tena fikira zote zimekwisha kufanywa na kiwanda kabla vipande havijamfikia mnunuzi. Kipande cha kwanza huingia katika cha pili bila ubishi. Mjenzi hubandika, hupaka rangi, kazi ikaisha. Mwishoni hupata kitu cha kutazamwa, lakini ni machache aliyolazimika kuyajua ili akipate.

Iko, hata hivyo, njia nyingine ya kuunda mfano wa ndege, nayo ni ya kufinyanga mabamba ya plastiki kwa msaada wa ombwe. Njia hii haimpi mjenzi vipande vilivyokamilika. Humpa maganda tu, yaliyotuna juu ya bamba jeupe mithili ya vipele, naye hana budi kuyakata, kuyasugua, kuyapima na kuyaunganisha kwa akili yake mwenyewe. Mahali pengi kazi hiyo huharibika. Kwa sababu hiyo hasa, njia hii yastahili kuingizwa katika shule zetu za sekondari. Manufaa yake makubwa hayamo katika ndege itakayosimama juu ya kabati la maabara, bali katika makosa ambayo mwanafunzi atalazimika kuyatafuta, kuyapima na kuyatolea maelezo.

Hewa ndiyo mfinyanzi

Kazi huanza na kalibu ya mti mgumu au ya plasta, iliyochongwa kwa umbo linalotakiwa, tuseme nusu moja ya kiwiliwili cha ndege. Kalibu huwekwa juu ya sanduku dogo ambalo uso wake wa juu umetobolewa matundu membamba. Bamba la plastiki iitwayo polistirini, lenye unene wa milimita 1 hivi, hubanwa katika fremu na kupashwa moto mpaka lilainike na kuanza kubonyea katikati. Polistirini hulegea likipata joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Bamba likiwa bado laini hushushwa upesi juu ya kalibu, na papo hapo hewa iliyomo sandukuni hutolewa. Kwa muda wa sekunde chache bamba huikumbatia kalibu, hupoa, na kuwa gumu tena.

Mwanafunzi akiulizwa ni kitu gani kilicholivuta bamba, aghalabu atajibu kuwa ni ombwe. Jibu hilo halifai. Ombwe si kitu chenye nguvu ya kuvuta. Kilichofanya kazi ni hewa iliyo juu ya bamba, ambayo muda wote ilikuwa ikisukuma kuelekea chini, ila ilikuwa ikizuiwa na hewa ya chini iliyosukuma kuelekea juu. Mpinzani mmoja alipoondolewa, wa pili akashinda. Katika usawa wa bahari kanieneo ya angahewa ni kilopaskali 101 hivi, yaani kani ya nyutoni 10 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Sanduku lenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 15 lina eneo la sentimita za mraba 300. Kama hewa yote ingetolewa, bamba lingesukumwa kwa kani ya nyutoni 3,000, ambayo ni sawa na uzito wa magunia matatu ya mahindi ya kilo 100 kila moja.

Mashine ya nyumbani ya kufyonza vumbi haiwezi kuitoa hewa yote. Hupunguza kanieneo kwa kiasi cha kilopaskali 20 tu. Hata hivyo, juu ya sanduku lile lile hiyo yaleta kani ya nyutoni 600, karibu na uzito wa mtu wa kilo 60, nayo yatosha kwa vipande vidogo. Na mwalimu anayefundisha Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ana jambo la ziada la kuwafikirisha wanafunzi wake. Huko kanieneo ya angahewa ni kilopaskali 83 hivi. Hata pampu iliyo bora kuliko zote duniani haiwezi kumpatia msukumo unaozidi huo, kwa maana pampu haiutengenezi msukumo. Kazi yake ni kuondoa upinzani tu. Mwenzake wa Mombasa, akiwa na pampu ile ile, atapata zaidi. Mwanafunzi aliyelielewa jambo hili hatalisahau, kwa kuwa ameona bamba likijifinyanga mbele ya macho yake.

Hata kabla ya kujenga sanduku, somo laweza kuanza na kikombe kitupu cha maziwa ya mtindi. Vikombe vingi vya aina hiyo, hasa vile vilivyopigwa chapa ya namba 6 ndani ya pembetatu, vimetengenezwa kwa polistirini iliyofinyangwa kutoka katika bamba. Kikombe kama hicho kikitiwa katika tanuri yenye joto la wastani, mahali penye hewa ya kutosha, hujikunja pole pole na kurudi kuwa bamba nene la duara. Minyororo mirefu ya molekuli iliyonyooshwa kiwandani huwa imegandishwa katika hali hiyo kwa baridi. Ipatapo joto hulegea na kurejea ilikokuwa. Hapo mwanafunzi hujionea kwamba umbo la plastiki lina historia, na kwamba historia hiyo yaweza kusomwa.

Ndege iliyofika Mbuyuni

Ni ndege gani inayofaa kwa kazi hii? Ziko nyingi, lakini ndege za kivita za zamani, zile zenye mabawa ya tabaka mbili, zina sifa ya pekee: maungo yake yako wazi. Katika ndege za leo mhimili wa nguvu umefichwa ndani ya ngozi ya madini. Katika ndege za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kila nguzo na kila waya huonekana kwa nje, na kila kimoja kina sababu ya kuwapo.

Kwa shule za Afrika Mashariki mfano bora ni ndege ya Kiingereza iliyoitwa B.E.2c. Ilitokana na ndege ya awali iliyobuniwa na Geoffrey de Havilland katika kiwanda cha serikali huko Farnborough, na utulivu wake angani ulitokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa mwanasayansi kijana Edward Busk, ambaye aliungua na kufa akirusha ndege ya aina hiyo hiyo mwezi Novemba 1914. Ndege hiyo ilikuwa na upana wa mita 11.28 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, na urefu wa mita 8.31. Mwanzoni mwa mwaka 1916 kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, ambacho wengi wa watu wake walitoka Afrika Kusini, kilishuka Mombasa na kuweka kambi yake Mbuyuni, kwenye njia ya kutoka Voi kwenda Taveta. Miongoni mwa ndege zake zilikuwamo B.E.2c. Zilitumwa kupeleleza na kudondosha mabomu wakati majeshi ya Jenerali Smuts yalipokuwa yakisonga kuelekea kusini, ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania.

Ndege hii yafundisha jambo ambalo vitabu vya mafunzo havilisemi mara nyingi, nalo ni kwamba ubora wa chombo hutegemea mahali kinapotumika. Busk alitaka ndege itakayojirudisha yenyewe katika mwendo ulionyooka pindi ikiyumbishwa na upepo, ili rubani apate nafasi ya kutazama chini na kuchora ramani. Alifaulu. Lakini juu ya Ufaransa, kuanzia mwaka 1915, ndege za Kijerumani zenye bunduki zilizofyatua kupitia kati ya panga za rafadha zilizikuta B.E.2c zikienda kwa utulivu ule ule, zikashindwa kujipinda upesi na kukwepa, zikaangushwa kwa wingi. Huku Afrika Mashariki hapakuwa na ndege za adui za kupambana nazo angani. Hapa utulivu ulibaki kuwa sifa, na maadui wa ndege walikuwa joto, mvua, mchwa, na misitu iliyowaficha watu waliotafutwa. Umbo ni lile lile, hukumu ni mbili. Mwanafunzi anayechonga kalibu ya bawa lililoinuliwa kidogo nchani, na kujiuliza kwa nini limeinuliwa, atakuwa ameufungua mlango wa somo hilo kwa mikono yake.

Kosa la sentimita 10

Tuseme darasa limekubaliana kuunda B.E.2c kwa skeli ya moja kwa sabini na mbili, ambayo ndiyo itumikayo sana kwa mifano ya ndege. Upana wake utakuwa sentimita 15.7, na urefu wake sentimita 11.5. Hesabu hii ni nyepesi, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya. Ugumu uko mbele.

Kundi la kwanza litachonga kalibu mbili za nusu za kiwiliwili kwa vipimo barabara, kama vilivyo katika mchoro. Litafinyanga, litakata, litaunganisha, kisha litashangaa kuona kwamba kiwiliwili kimenenepa. Wanafunzi watalaumu kisu, watalaumu kalibu, watalaumiana. Ukweli ni kwamba plastiki imelala juu ya kalibu, na unene wake umeongezwa kwa kila upande. Bamba la milimita 1 hupungua unene linaponyooshwa. Tuseme limebaki na milimita 0.7. Upande wa kulia umeongezeka kwa milimita 0.7, na wa kushoto vivyo hivyo. Jumla ni milimita 1.4. Ukizidisha kwa 72 unapata kosa la sentimita 10 katika ndege halisi. Rubani wa ndege hiyo angekuwa amekaa katika chumba kipana kuliko kile alichopewa na wahandisi wa Farnborough.

Hapo ndipo elimu inapoanza. Ili kuchonga kalibu sahihi, kundi hilo sharti lijue bamba litakuwa na unene gani baada ya kunyooshwa, na hilo halimo katika kitabu chochote. Litalazimika kukisia kwa hoja: kiasi cha plastiki hakibadiliki, basi eneo likizidi, unene hupungua, eneo likiwa mara mbili, unene wa wastani huwa nusu. Kisha litalazimika kuikagua hoja hiyo kwa kukata ganda moja vipande vipande na kupima. Litagundua kuwa unene hauko sawa kila mahali. Juu ya mgongo wa kalibu, pale bamba lilipogusa na kupoa kwanza, plastiki ni nene. Kwenye pembe za chini, ambako ilinyooshwa mwisho, ni nyembamba. Hoja ya wastani ni ya kweli, lakini haitoshi. Hakuna mtihani wa kalamu na karatasi unaoweza kulifundisha jambo hili kwa uzito huo.

Kosa la pili hufuata la kwanza. Ganda hukatwa kutoka katika bamba, na ukingo wake hubaki na unene wa bamba lenyewe. Wajenzi wenye uzoefu huuzungushia ganda mstari wa kalamu kabla ya kulikata, halafu hulisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, mpaka kile kiduara cha bamba kilichobaki nje ya mstari kiishe chote. Mwenye haraka huacha kabla ya kufika mstarini, na kiwiliwili chake huongezeka tena unene. Mwenye bidii isiyo na kipimo huupita mstari, na kiwiliwili hukonda. Mstari ule wa kalamu ni hakimu asiyepokea rushwa.

Waya hausukumi

Baada ya kiwiliwili na mabawa, huja nguzo na nyaya. Wanafunzi wengi hudhani kwamba nyaya zile nyingi ziliwekwa bila mpango. Mwalimu achukue vijiti vinne vya mwanzi, avifunge kwa uzi katika umbo la mstatili, kisha asukume kona moja. Mstatili hulala mara moja. Akifunga uzi kutoka kona hadi kona, kwa njia zote mbili, umbo husimama imara, ingawa uzi wenyewe hauwezi kusimama hata peke yake. Uzi hauwezi kusukuma. Waweza kuvuta tu. Ndiyo sababu huhitajiwa mishazari miwili: mmoja hukaza umbo likisukumwa upande huu, wa pili hukaza likisukumwa upande ule.

Ndege yenye mabawa mawili ni mstatili huo uliopewa injini. Ikiwa angani, hewa huinua mabawa, na nyaya zinazotoka chini ya kiwiliwili kwenda juu nchani ndizo zinazokaza. Ikitua, mabawa hutaka kuanguka kwa uzito wake, na nyaya za upande wa pili hushika zamu. Kanuni hii ilikopwa kutoka kwa wajenzi wa madaraja. Octave Chanute, mhandisi wa reli na madaraja wa Marekani, aliitumia katika kitelezi chake cha mwaka 1896, na ndugu Wright waliifuata. Mwanafunzi anayeweka waya mahali pasipo pake katika mfano wake hatapata ajali. Lakini akiulizwa waya huo unavuta nini, na wakati gani, atakosa jibu. Kosa lake litajulikana, naye ataulegeza na kuupeleka panapostahili.

Skeli nayo ina mipaka yake. Waya wa milimita 4 ukipunguzwa mara 72 huwa na unene wa milimita 0.056 hivi, sawa na unywele mwembamba wa binadamu. Kwa hiyo unywele hasa waweza kutumika. Lakini uzito haupungui kwa kipimo hicho. Urefu ukigawanywa kwa 72, eneo hugawanywa kwa 5,184, na ujazo kwa 373,248. Ndege iliyokuwa na uzito wa tani moja hivi ingetakiwa kuwa na mfano wa gramu 2.7 tu ili uwiano udumu, na mfano wa plastiki aghalabu huzidi uzito huo mara kadhaa. Mfano unaosema kweli kuhusu umbo unaweza kusema uwongo kuhusu uzito. Mwanasayansi hana budi kujua mfano wake unasema kweli kuhusu nini, na kuhusu nini haupaswi kuulizwa.

Rangi nayo ina ushahidi wake. Picha za ndege za wakati ule ni za nyeupe na nyeusi, na filamu nyingi zilizotumika hazikuona wekundu. Katika picha hizo duara jekundu lililo katikati ya alama ya Uingereza huonekana jeusi, na mzingo wa buluu ulio nje huonekana hafifu. Asiyejua kemia ya filamu atapaka rangi kinyume, huku akiapa kwamba ameiona picha kwa macho yake.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Pingamizi la kwanza ni la gharama. Hili lina jibu. Plastiki ya kujifunzia ipo katika takataka: vikombe vya mtindi, na kuta za ndani za majokofu mabovu, ambazo kwa kawaida hufinyangwa kwa njia hii hii kutokana na polistirini au plastiki ya jamii yake. Pampu ya baiskeli ambayo ngozi yake imegeuzwa, ikiongezewa vali ya kupitisha hewa upande mmoja, hunyonya badala ya kupuliza. Kwa kuwa hunyonya pole pole, nayo plastiki hupoa upesi, ni vema ianze kwa kutoa hewa katika tangi imara la chuma, si la kioo, ambalo baadaye litafunguliwa kwa ghafla chini ya kalibu. Fundi wa majokofu wa mjini aweza kuonyesha njia iliyo nyepesi zaidi, kwa kompresa kuukuu.

La pili ni la usalama. Plastiki ikipitiliza moto hutoa moshi wenye madhara, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Kwa hiyo kazi ya moto ifanywe nje au karibu na madirisha wazi, chini ya macho ya mwalimu. Joto lisizidi lile la kulainisha. Na msasa utumike ukiwa na maji.

La tatu ni la wakati. Walimu husema kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani uko karibu. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa watu wanaofanya kazi kwa bidii. Lakini na wajiulize: ni saa ngapi hutumika kuwakaririsha wanafunzi maana ya kanieneo, uwiano, skeli na usahihi wa vipimo, kila moja peke yake, na ni wangapi kati yao, baada ya mtihani, wanaoweza kupima kijiti na kusema kipimo chao kimekosea kwa kiasi gani? Mwalimu Nyerere, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alishutumu elimu inayomtenga msomi na kazi. Shutuma hiyo haikuhusu jembe peke yake. Mwanafunzi asiyewahi kukosea kwa mikono yake mwenyewe hubaki akiamini kwamba sayansi ni orodha ya majibu sahihi yaliyoandikwa na watu wa mbali. Taifa haliwezi kupata watafiti kutokana na imani hiyo.

La nne halihusu fedha wala wakati. Ndege ya kivita ni chombo cha kuua, na vita ile haikuwa ya Waafrika. Wapagazi waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Je, ni haki kijana wa leo kukipamba chombo hicho? Jibu ni kwamba si haki kukipamba na kunyamaza. Mfano unaowekwa kabatini bila maelezo husifu usichokijua. Basi kibandiko kilicho chini yake kiseme ndege ilitoka wapi, ilitumwa kufanya nini, na ni akina nani waliotembea kwa miguu chini ya njia yake wakiwa na mizigo vichwani. Mfano utakaobeba maelezo hayo utakuwa wa kweli zaidi, kama vile kiwiliwili chenye unene sahihi kilivyo cha kweli zaidi.

Namna ya kuupima mfano

Shule itakayoanza haina haja ya kuunda ndege nzima. Kipindi cha kwanza kitoshe kwa kikombe cha mtindi na hesabu ya kanieneo. Vinavyofuata kwa sanduku, na kwa kalibu ya nusu moja ya kiwiliwili. Halafu bawa moja, nguzo mbili na nyaya nne. Kundi la wanafunzi watano linatosha.

Jambo la muhimu ni namna ya kutoa alama. Kila kundi liwe na daftari lenye safu tano: kipimo cha ndege halisi, kipimo kinachotakiwa katika mfano, kipimo kilichopatikana, tofauti kati ya viwili hivyo, na sababu ya tofauti hiyo. Safu nne za kwanza ni za hesabu. Safu ya tano ni ya sayansi, na alama nyingi zitolewe hapo. Kundi lenye ndege iliyong'aa lakini safu ya tano ni tupu lisipewe zaidi ya nusu ya alama. Na kundi ambalo ndege yake imekaa upande, lakini linaweza kuonyesha kwamba kalibu ilikosewa kwa milimita 0.7, likaeleza kwa nini, na likachonga nyingine, basi hilo ndilo lipewe tuzo, hata kama kengele italia kabla bawa la pili halijabandikwa.